Shemeji wa Mji Mzima

Marehemu hakuwa na wateja, alikuwa na mashemeji. Aliyeingia dukani kwake kununua kufuli aliitwa shemeji, aliyeuliza bei tu na kutokomea aliitwa shemeji, na hata mkaguzi wa leseni, mtu asiyecheka tangu aajiriwe, alipokewa kwa "Shemeji! Umepotelea wapi?" akasahau alichokuja kukagua. Humo katikati ya makopo ya rangi na mabomba watu walikunywa chai, wakaamuliwa ugomvi wa ndoa, wakaondoka na misumari ambayo hawakuikusudia. Akirudi nyumbani, watoto wake wanne walimpanda mgongoni kabla hajavua viatu, naye akawaigizia mashemeji wa siku hiyo, mmoja mmoja.

Mkewe alilichukia neno hilo.

"Baba Watoto, mimi sina kaka wala dada. Hao mashemeji unawatoa wapi?"

"Wapo," alijibu, mdomo umejaa chakula. "Wee waache tu."

Jambo lenyewe lilimuuma mke. Alilelewa na mama yake mdogo, basi. Siku ya harusi mama mdogo alikaa peke yake mbele ya safu tatu za viti vitupu, hadi walipotokea watu asiowajua wakavijaza. Bibi harusi alidhani wamekosea ukumbi. Wakwe nao walidhani hivyohivyo, na tangu hapo wakawa wanamwita, kwa mnong'ono unaosikika vizuri sana, "yule asiye na kwao."

Sasa homa ya siku tatu ilikuwa imemchukua mwenye duka. Baada ya mazishi, kaka yake mkubwa alisimama uani kusoma wasifu alioutunga mwenyewe. Ulikuwa wasifu mzuri, ila marehemu alionekana humo kwa nadra. Kaka ndiye aliyemfundisha kutembea, kaka ndiye aliyemshauri afungue duka, kaka ndiye aliyeridhia aoe. Mjane, aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka miaka kumi na miwili, alitajwa mara moja, baada ya gari. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kaka akakunja karatasi.

"Duka nitalishika mimi. Mama na watoto watahamia kwangu, kile chumba cha nyuma. Ila utaratibu unataka upande wa mke useme neno." Akatazama saa yake. "Upande wa mke, kuna mtu?"

Alijua hakuna. Mama mdogo alishafariki. Mjane aliwavuta watoto karibu. Aliona aibu, akaona hasira, na aliyemkasirikia zaidi ni marehemu, aliyeishi na maneno matamu na kumwachia matupu.

Akasimama fundi seremala. Akasimama muuza nyama, kisha mwalimu mkuu, kisha mkaguzi wa leseni akifunga kifungo cha koti kana kwamba yuko kazini. Punde waliobaki wameketi uani pale walikuwa wakwe peke yao.

"Tupo," alisema seremala. "Na duka ni la dada yetu. Analijua kuliko wewe."

"Wewe ni nani wake?" kaka alifoka.

Seremala akampa mgongo. Alimgeukia mjane.

"Dada, siku ya harusi tulikaa upande wa bwana. Mumeo akatufuata, akatuambia tuhamie kwako. Mpaka leo hajatuambia turudi."