Mama Mashuka, Mlinzi wa Kisima cha Kanisa

Alizaliwa mwaka 1912, mtoto wa nne wa mchonga mawe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Mji wetu ulikuwa na barabara moja, kanisa, soko na zahanati, na watu walijuana hadi kikohozi. Alipofikisha miaka kumi mama yake alifariki, naye akaacha shule, akaanza kufua nguo za watu. Baadaye aliolewa na seremala, akazaa binti mmoja, akabaki mjane mapema. Mashuka ya wagonjwa wa zahanati, aliyoyafua kwa malipo, ndiyo yaliyomlea mtoto huyo, na ndiyo yaliyompa mama jina. Sala alizozijua hazikuwa nyingi. Alijua Baba Yetu, na aliisali akisugua.

Mungu alimwita mwaka 1952, na alimwita kwa nguo chafu. Mwaka huo ugonjwa wa kuhara na kutapika uliingia mjini ukaua watu kumi na wawili katika wiki mbili. Kila mgonjwa alilazwa na shuka la kwao, na dobi huyajua mashuka kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake: hili lina kiraka cha buluu, lile limeungua kwa pasi. Mama Mashuka akaona kwamba yote yalitoka nyumba za upande wa kanisa. Upande wa soko, walikochota maji mtoni, hakukutoka hata moja. Akafuata njia ya maji, akaona kosa letu. Kisima cha kanisa kilikuwa kimebarikiwa, kwa hiyo watu waliwapelekea wagonjwa maji yake wapone, kisha ndoo zilezile za chumbani kwa mgonjwa zikarudi kutumbukizwa kisimani.

Asubuhi iliyofuata aliifungua kamba ya kisima, akaizungusha kiunoni, akaketi juu ya ukingo. Akawaambia watu wakachote mtoni na wachemshe.

“Wewe mfua nguo, nani kakupa udaktari?” akauliza mke wa mwuza nyama.

“Shuka lako, dada. Limeniambia mengi kuliko wewe.”

Walimtukana, wakamwita mchawi. Siku ya tatu binti yake, mshonaji wa miaka kumi na tisa, aliugua. Alikuwa amekwisha kunywa maji yale kabla kamba haijaondolewa. Majirani wakaja kisimani. “Mungu amekujibu,” wakasema. “Toa kamba, mtoto apate maji ya baraka.” Mama alimnywesha maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko. Kamba hakuitoa. Siku ya tano binti alifariki. Alimfulia shuka lake kwa mkono wake, akamzika, na kutoka makaburini akarudi moja kwa moja kuketi kisimani.

Hapo ndipo Padri alipomwendea. “Mama, kisima hiki nilikibariki mimi.”

“Ulibariki maji, Padri. Ndoo zetu hukuzibariki.”

Padri akakunja kanzu, akaketi kando yake. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuigusa kamba. Wakachota mtoni, wakachemsha, wengine kwa kununa. Siku ya kumi na nne Mama Mashuka alikwenda zahanati na beseni lake, akakuta hakuna shuka la kufua. Mganga wa zahanati alisimulia kwamba Mama alipiga magoti palepale sakafuni. “Asante, Baba,” akasema. “Leo sina kazi.” Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisima kilikaushwa, kikasafishwa, kikafunikwa, kikapewa ndoo yake isiyoingia nyumbani kwa mtu. Desturi hiyo tunaishika mpaka leo, na bibi arusi anayehamia mjini hufundishwa hiyo kabla ya kuonyeshwa jiko. Mke wa mwuza nyama ndiye aliyemuuguza Mama Mashuka uzeeni, hadi alipolala katika Bwana mwaka 1984.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda halitamtangaza. Watu huulizia miujiza yake. Nyumba arobaini na moja za upande wa kanisa zina wajukuu, hesabuni hao. Wewe unayetaka kumheshimu, usimwashie mshumaa kwanza. Chemsha maji, mpelekee mgonjwa, na ukijua jambo litakalookoa watu, liseme hata kama wa kwanza kukuchukia ni jirani yako. Kisha mshukuru Mungu kwa ajili yake, kama tunavyomshukuru sisi tuliozaliwa kwa sababu aliketi pale.