Kitufe cha Hapana

Zahanati nzima ilimwita Bi Vidole, na mimi niliona wanatia chumvi. Shangazi yangu alikuwa karani wa wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na sita. Aliandika watoto waliozaliwa, basi. Mimi ni fundi wa kompyuta. Kuchapa haraka hakunibabaishi.

Alipokwisha kustaafu, uongozi ukaamua kompyuta yake kongwe iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kumbukumbu zilishahamishwa, isipokuwa za watoto ambao hawakuishi. Kwa hao hawakuona haja. Shangazi akanipigia simu asubuhi hiyohiyo.

"Mwanangu, kuna mmoja wangu mle. Aliishi siku mbili. Sina picha yake wala karatasi. Nitolee."

Sikujua. Maisha yangu yote niliambiwa hakujaliwa mtoto.

Gari la vyuma lingefika saa sita mchana. Nilikwenda na bisibisi na kiburi changu. Shangazi macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga, kwa hiyo nikamkalisha kwenye benchi la koridoni asinisumbue.

Mashine iliwaka. Lakini kibodi yake, loo! Vitufe vidogo kama vya kikokotoo, safu za nane nane, na herufi zote zimefutika kwa kuguswa. Kibodi yangu haikuwa na pa kuchomekwa. Chini palikuwa na kitufe kirefu, pale pale ambapo dole gumba hutua lenyewe kuacha nafasi kati ya maneno. Likatua. Mashine ikalia, skrini ikauliza: FUTA ZOTE? N/H.

N ni ndiyo, H ni hapana. Kwenye kila kompyuta niliyowahi kuigusa, H ni ya sita kutoka kushoto, safu ya katikati. Nikanyoosha kidole.

"Usiguse!" Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika ukuta. "Huo ni mlio wa kufuta. Umebonyeza kile kirefu, eh?"

"Nimekosea, Shangazi. Nataka H tu. Si hii ya sita, safu ya pili?"

"Hiyo ni N. Humu zimepangwa A, B, C, kama ubaoni darasa la kwanza. Haya, fundi, nipishe."

Akapapasa ukingo wa kibodi mara moja, akabonyeza kitufe cha mwisho cha safu ya juu. Swali likaondoka. Kisha vidole vikaanza, uso ameuelekeza dirishani, na kile kirefu akikiruka kama unavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwako. Nilistaajabu, nasema kweli. Miaka ishirini na sita alikuwa kidole kimoja tu kutoka kwenye kufuta watoto wa watu, na hakumpoteza hata mmoja.

Printa ikakwaruza. Akanipa karatasi.

"Nisomee."

Mtoto wa kike. Kilo mbili na gramu mia moja. Kuzaliwa, Jumanne. Kufariki, Alhamisi. Mwandishi alikuwa yeye mwenyewe, na tarehe ya kuandikwa ilikuwa Ijumaa.

"Shangazi, Ijumaa ulikuwa kazini?"

"Nilitoka kitandani nikaja hapa na gauni la wodi. Karani waliyemweka badala yangu alikuwa mgeni wa mashine hii," akasema. "Niliogopa atamfuta."