Mume Wangu Anasubiri Kioo Kivimbe Kama Mbao

Assalaam alaykum admin, na wewe unayesoma. Habari za hapo? Wazee hawajambo, watoto hawajambo? Huku kwetu Mafia tunamshukuru Mungu. Mume wangu mzima, yuko kwenye kazi yake ya kuunda mashua. Mama mkwe wangu mzima, macho tu ndiyo yanamsumbua. Binti yangu mzima, ndiye aliyenionyesha ukurasa huu. Mwanangu wa kiume naye, nataka kusema mzima, nasita.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, shule niliishia darasa la nne, mnisamehe nikiandika kama ninavyosema. Jina nificheni. Mwanangu nitamwita Faki, si jina lake.

Faki alikuwa anapiga mbizi na wageni, anawaonyesha matumbawe. Bahari haikumfanya kitu. Mnazi ndio uliomwangusha. Baba yake alipata ugeni, akamwambia, "Panda ututeremshie madafu." Akapanda, akateleza, na tangu siku hiyo miguu haina habari naye. Tulikwenda naye hospitali bara, tukarudi naye vilevile. Akageukia ukuta. Ukimwita, kimya. Chakula anaonja tu. Baba yake akawa haingii chumbani, anasimama mlangoni anauliza, "Kalala?" na huku anamwona yuko macho.

Siku moja mdogo wake akamwonyesha kwenye simu watu wa mbali waliofuga bahari ndani ya nyumba, kwenye tangi la kioo, matumbawe yanapepea, samaki wanapita. Faki akasema, "Rudisha nyuma nione tena." Jamani, nililia. Mume wangu alikuwa pale mlangoni. Asubuhi nikasikia randa uani.

Mwenye duka mmoja Kilindoni alimpa kioo cha kabati lake la zamani. Akaunda sanduku la mbao kama anavyounda mashua, kioo akakiweka upande wa mbele, viungo vyote akavitia kalafati, ile pamba wanayozibia mashua. Rafiki zake Faki wakaleta maji ya bahari ndoo kwa ndoo, na mawe ya matumbawe yaliyokufa, maana yaliyo hai hifadhi ya bahari hairuhusu, na visamaki viwili vilivyobaki kidimbwini maji yalipokupwa. Mama mkwe akasema, "Bahari ipo hapo nje, nyie mnaiteka kama maji ya kunywa!"

Lakini Faki aligeuka. Kitanda tukakisogeza, miguu yake ikawa karibu kabisa na kioo. Akaanza kula. Akaanza kujivuta kwa kamba akae mwenyewe. Na baba yake sasa anaingia, anakaa, wanatazama samaki pamoja. "Yule dume kama wewe, baba," Faki anamwambia, "anazungukazunguka tu, kazi hana." Mume wangu anacheka mpaka anakohoa.

Sasa tangi linavuja. Maji yanatiririka kwenye kona, na waya wa umeme wa pampu ya hewa umepita hapohapo sakafuni. Nilipomwambia mume wangu, akanijibu, "Mama Faki, umeona chombo gani kipya kisichovuja? Ukikishusha lazima kinywe maji. Mbao zikishiba zinavimba, zinajibana zenyewe."

"Na kioo nacho kitashiba?"

Akasema, "Mkono wangu umelisha nyumba hii, leo huuamini." Akatoka.

Nikaenda Kilindoni kwa fundi wa vioo, nikauliza kama vile ni la jirani. Akaniambia kioo cha kabati ni chembamba, maji ni mazito, nikirudi nilaze rula ya shule kwenye uso wa kioo: katikati kikiwa kimebenuka kuja nje, niwaondoe watu. Anaweza kutengeneza tangi lenyewe la kioo kinene, kwa gundi yake maalumu, na meza ya chuma. Mpwa wangu naye anasema hoteli anayofanya kazi ina tangi la plastiki nene lisilotumika, limechubuka lakini zima, wanalitoa bure. Mume wangu kusikia hivyo: "Mwanangu atazame masalia ya hoteli? Na mimi nipo?"

Rula niliweka. Kimebenuka, kwenye ncha ya rula ukucha wangu unapita.

Nilimwambia Faki tusogeze kitanda. Akaniambia, "Mama, baba kanijengea bahari, wewe unataka kunirudishia ukuta?" Nifanyeje? Nikawa kila nikiingia kufagia nachota maji jagi moja, namwaga nje, yapungue uzito. Mume wangu akiona yameshuka anafurahi, "Si unaona? Mbao zinakunywa!" anaagiza ndoo nyingine. Mimi napunguza, yeye anajaza.

Leo alasiri, yeye hayupo, kioo kimelia tak. Faki amesikia. Tumetazamana. Akasema, "Usimwambie baba."

Ndugu zangu, nikiyatoa maji yote leo, nitamwambia mume wangu mbele ya mtoto kwamba kwa mara ya pili alichomfanyia kingemuua. Hatarudi chumbani humo, namjua. Nikiyaacha, Faki hawezi kukimbia. Mnaofuga samaki wa maji ya chumvi, niambieni: lile la plastiki la hoteli linafaa au la kioo la fundi? Na haya maji niyatoe bila ruhusa? Nishaurini, nifanye nini?

Waya nimeshauchomoa. Nimetandika mkeka kati ya kioo na kitanda, nimekaa, mgongo nimeugeuzia kioo. Faki ananiambia nimemkinga, haoni samaki. Nijibuni upesi, kabla baba yake hajarudi na ndoo.