Nilimwambia Mwanangu Wakili, Akayasema Mahakamani

Wewe mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, mjane, naishi mji mdogo njia ya Kahama kwenda Geita. Shule niliishia darasa la nne, ila ukurasa huu nausoma kila siku kwa simu aliyoninunulia mwanangu. Nikikosea herufi mnivumilie wanangu. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mwanangu wa kwanza ni wakili. Sijisifu, lakini hapa kwetu ukisema wakili unamsema yeye, wengine wamekuja juzi. Miaka ishirini na sita yuko ofisi ile ile nyuma ya soko, na wajane anawaandikia barua bure. Kanisani ni mwenyekiti wa parokia. Maparoko wanahamishwa, yeye yupo. Nilimsomesha kwa jembe, pamba tupu, baba yake alikwisha kufa. Leo naitwa Mama Wakili, nikiingia duka lolote naletewa kiti.

Nilikuwa na rafiki, Mama Rebeka. Tulilima pamoja, tukazeeka pamoja, na macho yetu yakawa mekundu pamoja kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni ziliisha zamani. Mimi hakuna aliyenigusa, mwanangu ni wakili. Yeye alikuwa na binti mmoja na jirani aliyefiwa na watoto wawili. Mnaotoka huku mmeshaelewa. Msiotoka huku, jueni kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Walimkata mapanga mlangoni kwake jua likizama. Rebeka alikuwa amekuja kumsalimia, yuko jikoni, akasikia yote.

Jirani akakamatwa. Kesi ya mauaji mshtakiwa asiye na uwezo anapangiwa wakili, akapangiwa mwanangu. Alinifuata mwenyewe kuniambia. "Mama, hii sikuiomba. Ila nikishaipokea naifanya sawasawa." Nikamwambia ifanye baba, kazi ni kazi.

Siku moja Rebeka akaja kwangu analia. Ananiita mayu, yaani mama, kama alivyomwita marehemu. Akasema, "Mayu, mimi uso sikuuona. Nilisikia sauti yake, na ile sauti naijua tangu utoto, tumechunga wote. Polisi wameandika nilimwona, na mimi nikaweka saini. Sasa nikibadili watasema naongopa." Nikamwambia nyamaza mwanangu, sauti ni mtu. Akasema hayo tunayajua mimi na wifi yake Tedi tu, anayeishi naye nyumba moja.

Jumapili ile mwanangu alikuja kula kwangu, kama kawaida yake. Nilimpikia ugali na mlenda wa karanga. Nikaona amechoka na ile kesi. Na mimi nikataka aone kuwa mama yake si mtu wa kukaa tu jikoni, watu wananiletea siri zao. Nikamwambia maneno ya Rebeka yote. Alinawa mikono akasema, "Ahsante mama, chakula kizuri."

Kesi iliposikilizwa Shinyanga nilikwenda. Nilichukua na wanawake wawili wa jumuiya, wamwone mwanangu ndani ya joho. Nilivaa kitenge kipya. Rebeka akapanda kizimbani, akasema alimwona mshtakiwa. Mwanangu akasimama, akamuuliza kwa upole kabisa, kama anavyosoma matangazo kanisani. "Shahidi, ni kweli au si kweli kwamba uso hukuuona, ulisikia sauti tu, na ukaogopa kubadili maelezo ya polisi?" Rebeka akajibu, "Ni kweli." Wale wenzangu wakaninong'oneza, "Mama Wakili, huyu mtoto ulimzaa na akili."

Yule mtu aliachiwa. Sasa anasali nasi, misa ya kwanza, benchi la tatu. Ananipa shikamoo. Kuku aliyeniletea nilimrudisha. Mwanangu nilimuuliza, mbona umenifanyia hivi? Akasema, "Mama, jaji aliambiwa uongo, mimi nikautoa. Mtu akinyongwa kwa uongo, nitasimamaje altareni? Na ulinieleza wewe, sikukuuliza." Ila mimi naamini ile sauti ilikuwa ya yule mtu.

Ningekufa na siri hii. Lakini Rebeka amepiga hesabu, tuliojua tulikuwa wawili, na mimi kwake ni mama. Basi ni Tedi. Mume wa Rebeka amempiga Tedi, dada yake mwenyewe, mbele ya watoto na kumtoa na godoro lake. Tedi analala kwenye banda la mashine ya kusaga. Nilipokutana naye aliniambia, "Mama Wakili, niombee kwa Rebeka, wewe anakusikiliza. Naapa sikufungua mdomo." Nikamwambia nitamwombea. Nilimwambia hivyo wanangu, kwa mdomo huu.

Jumamosi hii wanasuluhishwa. Kikao kinafanyika parokiani, na anayekisimamia ni mwenyekiti, mwanangu. Rebeka ameniomba nikae upande wake, nishuhudie kuwa Tedi ni msaliti. Mwanangu anajua ukweli kama mimi ninavyoujua. Nimemwuliza atafanya nini. Akasema, "Nitawaambia wasameheane, mama. Wewe kaa kimya." Ni mara ya kwanza nimemwogopa mtoto niliyemzaa.

Nikisema, Rebeka hatanisamehe, kwake itakuwa kama kumzika mama yake mara ya pili. Na mji mzima utasema wakili alimtumia mama yake kuchimba siri za wafiwa, miaka yake ishirini na sita itakwisha asubuhi moja. Nikinyamaza, Tedi atapiga magoti mbele ya mwanangu kuomba msamaha wa kosa langu, na mimi nimekaa kiti cha mbele.

Leo ni Alhamisi. Wanangu mnaonisoma, mngekuwa mimi Jumamosi mngesimama au mngekaa? Niambieni, nasoma kila neno.