Picha Mbovu za Jumapili

Mume wangu alikuwa hawezi kuangalia picha akanyamaza. Yeye ni fundi umeme. Ukimwekea picha ya mapigano, zile ambazo bomu limefichwa chini ya daraja na steringi, yule shujaa wa picha, amelala chali anatokwa jasho akichagua waya wa kukata, hasira ilikuwa inampanda mpaka anasimama. "Fundi gani huyo anatengeneza bomu halafu anaweka na saa ya kumwonyesha adui muda uliobaki?" Alikuwa akiniuliza mimi, ukuta, na mgeni yeyote aliyekuwepo. "Na hizo rangi za nini? Mimi duka likiishiwa nafunga nyumba nzima kwa waya wa rangi moja."

Mimi nashona, kwa hiyo macho yangu yako kwenye nguo. Picha zetu za Bongo nilikuwa nazikamatia hapo. Mjane wa kijijini, hana hata chumvi, anatoka kuteka maji na kitenge ambacho mikunjo ya dukani haijaachia. Mwanamke anaamka asubuhi, wanja haujahama. Kuna gauni moja la zambarau nililiona limevaliwa na mke wa tajiri, halafu kwenye picha nyingine ya watu wengine kabisa likavaliwa na jini, pindo limefumuka pale pale. Nilipomwonyesha mume wangu alicheka mpaka akapaliwa, akasema kumbe hata majini siku hizi yanaazima.

Hatukuwa watu wa kuponda tu. Tamthilia za Kituruki tulizilaumu kwa kutazamana: mtu anaambiwa mkewe ametoroka, anaangalia dirishani, muziki unapigwa, matangazo yanakuja, mkirudi bado anaangalia dirishani. Lakini tulikubali kwamba Waturuki wanajua kukaa mezani. Familia ikianza kula unajua nani anamchukia nani kabla hajafungua mdomo. Wakorea mapenzi yao hayana haraka, na hilo ni zuri, ila lazima mmoja agongwe na gari asahau kila kitu. Za kwetu, geti likifunguliwa gari liingie unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi ukalikuta bado linaingia. Lakini mama mkwe wa picha za kwetu akianza kusuta, hakuna Mturuki wala Mkorea wa kumfikia.

Haya yote yalikuwa ya Jumapili, hapa nyumbani Mkolani, Mwanza, tukishatoka kanisani na kula. Binti yetu alikaa katikati ya kochi ameshika rimoti, mimi huku na baba yake kule, akitukemea kwamba kwa kelele zetu hasikii waigizaji wanasema nini. Alikuwa kidato cha pili, na hatukuwa na mwingine. Homa ilimshika mwanzoni mwa wiki, na wiki haikuisha. Tulimzika kwa kina baba yake, upande wa Mara, kwenye shamba linaloishia ziwani, tukarudi Mwanza wawili.

Mtaani kwetu mtu akishazaa, jina lake la zamani linasahaulika. Mimi ni Mama fulani, yeye ni Baba fulani, na huyo fulani ni mtoto. Hata sisi wenyewe ndani tulikuwa tunaitana hivyo. Tuliporudi kutoka kuzika tukakuta hatuna namna ya kuitana bila kumtaja yeye. Majirani waliendelea kutuita vile vile na sikuwalaumu, wangetuitaje? Sisi tukaacha kabisa. Ukimhitaji mwenzako unamfuata alipo, unasimama karibu naye mpaka akuone.

Watu wa msiba walipotawanyika niliwasha televisheni Jumapili moja, ili nyumba iwe na sauti yoyote. Ilikuwa picha ya mapigano, na bomu lilikuwepo, na saa yake ilikuwepo, na waya mwekundu ulikuwepo. Nikakaa namsubiri. Steringi akakata waya, watu wakapiga makofi, majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Umeionaje?" nikamuuliza.

"Nzuri tu."

Nilidhani hakuangalia, lakini aliangalia kuanzia mwanzo. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Hakuwa analia. Hakuwa anakunywa. Alikwenda kazini, akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kufunga umeme wa watu, akarudi, akala nilichompakulia, hata siku niliyosahau chumvi. Wifi yangu alikuja kututembelea akaniambia nimshukuru Mungu, maana wanaume wengine msiba unawatupa kilabuni, na huyu amekuwa mpole. Jibu nililokuwa nalo halikuwa na adabu, nikamwongezea chai. Mtu aliyekuwa anagombana na ukuta akianza kukubali kila kitu, huo si upole. Mtu huyo ameondoka na kuacha nguo zake kwenye kochi.

Nikaamua kumuudhi. Sikuwa na dawa nyingine. Kama alikuwa bado yumo humo ndani, nilijua kitu cha kumtoa.

Karibu na soko kuna kibanda ambako jamaa mmoja anakuingizia muvi kwenye flashi. Mtu mzima, mwenye familia yake, ila kwa heshima huwa ananiamkia.

"Shikamoo mama. Leo nina kali, mpya kabisa."

"Marahaba. Sitaki kali. Nipe mbovu."

Akacheka, akidhani namtania. "Mbovu kivipi, mama?"

"Zile ambazo watu wamekurudia wakakulalamikia."

"Hizo zipo," akasema, akiinama kwenye kompyuta yake kwa aibu kidogo. "Ila huwa sizitangazi."

Alinipa, na hakunidanganya, zilikuwa mbovu. Kulikuwa na jini aliyevaa saa ya mkononi. Kulikuwa na mgonjwa mahututi ambaye dripu yake imebandikwa juu ya mkono wa shati. Kulikuwa na mtu aliyepigwa risasi ya kifua, akanywa maji, akaamka akalipize kisasi, kwa kuwa steringi hafi. Mimi mwenyewe nilikuwa nauma meno nisiseme, maana zamu ilikuwa yake. Kila ilipoisha nilimuuliza, na kila nilipomuuliza alinijibu kwa sauti ile ile ya mtu anayejibu hodi ya jirani.

Kuna moja ambayo mateka anashikishwa waya mtupu wa umeme, mikono mitupu, miguu ndani ya karai la maji, na kilichompata ni nywele kusimama. Nikamgeukia mume wangu kabla haijaisha. Fundi umeme huyu, aliyewahi kumfukuza msaidizi wake kazini kwa kugusa swichi na mkono wenye jasho.

"Nzuri tu," akasema. "Wamejitahidi."

Hilo la wamejitahidi lilinikata maini. Nilimchukia jioni ile, nasema wazi. Niliona ameniachia mimi peke yangu kazi ya kuudhika kwa ajili ya watu wawili, na mimi nilikuwa nimechoka.

Ya mwisho jamaa wa kibanda alinipa akiomba radhi. Alisema hata yeye ilimshinda. Kwenye bango lake alilonionyesha kwenye kompyuta kulikuwa na bibi mwenye poda uso mzima na nyoka shingoni, nikaona hapa nimepata. Kumbe bibi na nyoka wake walitokea mara moja tu mwanzoni, wakapotea. Baada ya hapo ilikuwa baba, mama na mtoto wao. Kabla sijajua ninachokiangalia mtoto alikuwa hospitali, daktari anavua miwani, anasema wamefanya kila waliloweza lakini Mungu amempenda zaidi. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Acha," mume wangu akasema.

Nikaacha. Mama wa kwenye picha akajitupa sakafuni na gauni la sherehe, akajigaragaza kwa uangalifu wigi lisitoke. Baba akakaa kwenye benchi nyuma yake. Nafikiri hawakukusudia aonekane, kamera ilikuwa inamfuata mama. Yeye alikaa tu, ameshika kofia yake, anaangalia kigae kimoja cha sakafu. Kisha kioo kikawa cheusi na maandishi yakatokea: Miaka mitano baadaye. Hapo hapo geti likafunguliwa, gari likaingia, nyumba mpya, mapacha wanakimbia uani, mama anacheka na wigi jipya. Bibi na nyoka wakarudi, ukapigwa wimbo, tukaambiwa tusubiri sehemu ya pili.

Mume wangu akakohoa kusafisha koo.

"Mbovu," akasema.

Miezi yote ile nilikuwa nimelisubiri neno hilo, na sasa nilitaka kumshika mkono, lakini niliogopa atanyamaza tena. Nikamchokoza kama zamani.

"Mbovu wapi? Mbona umeiangalia yote?"

"Mama analia uongo. Ila yule baba nyuma pale wamempata. Sijui hata kama walijua kamera inamchukua."

"Basi kumbe ina uzuri wake."

"Ule tu. Ubovu ni yale maandishi. Miaka mitano baadaye. Mitano ipi? Nani aliwaonyesha hiyo mitano?" Hakuwa anapaza sauti, na hakuwa amesimama. Alikuwa anaongea taratibu, kama anamweleza mwenye nyumba kwa nini umeme hautafika chumba fulani. "Ile picha imeishia pale kwenye benchi. Yaliyofuata wameyabandika."

Mimi bado nilikuwa na furaha yangu. Nilikuwa nimesikia sauti yake, na kwa kuisikia sikuwa nimesikia anachosema. Nikamuuliza swali tulilozoea kuulizana tukimaliza kuponda, kwamba angekuwa yeye ndiye mwenye picha angeimalizaje.

Akafikiri. Alifikiri kweli kweli, paji la uso limekunjamana, mume wangu niliyemjua.

"Ningezima kamera," akasema. "Yule baba ningemwacha pale pale, na yule mama pale chini alipo. Hakuna kingine cha kuonyesha."

Nikafungua mdomo nimbishie. Nilitafuta kosa kwenye maneno yake, moja tu, hata la uongo, mimi ambaye sijawahi kukosa la kumbishia tangu anioe. Sikulipata. Tukabaki tumekaa.