Mafuta ya Damari ya Kupeleka Ukweni

Hii hamtaiamini. Nimeisimulia Ikungi wakacheka, nimeisimulia Manyoni mtu mmoja akaacha soda yake mezani akaondoka, anasema namfanya mtoto. Sasa naiandika. Mimi niliishia darasa la sita, lakini macho ninayo, na huyu Damari ni mtoto wa dada yangu. Nisipomsimulia mimi, mtamsikia kwa waongo.

Damari ana mashine ya kukamua alizeti pale Mkiwa, nyuma ya vibanda vya njia panda. Ikiwaka, sahani za jirani zinahama kabatini. Mafuta yake anayachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, anayaacha yatulie siku nne, ndipo anauza. Wateja wake ni abiria wa mabasi. Basi la asubuhi lisiposimama, siku imekufa hiyo.

Mwaka jana alitaka kitu kimoja tu, kuuzia shule. Shule ya bweni ya wasichana anakosoma binti yake Lea ilitangaza zabuni ya mafuta ya alizeti, madumu sitini ya lita ishirini. Damari alijua akiipata hiyo moja, hatakimbilia tena dirisha la basi na chupa mkononi. Leseni alikuwa nayo, namba ya mlipakodi alikuwa nayo, na cheti cha ubora alikihangaikia miezi minane mpaka viatu vikaisha soli. Akapanda gari hadi Singida mjini, kwa Yasinta wa steshenari, ambaye kazi yake ni kuwaingiza watu kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali.

"Hapa wanauliza uzoefu," Yasinta akasema, macho kwenye kompyuta. "Mikataba mitatu ya serikali, ya kazi kama hii."

"Huu ndio nataka uwe wa kwanza."

"Mfumo hauna mahali pa kuandika hivyo, mama."

"Na lile fungu la akina mama tunalosikia redioni?"

"Hilo la vikundi. Una kikundi?"

"Nina mashine."

Yasinta akaandika sifuri, akatuma. Kuna mjomba mmoja mwenye akili nyingi, jina lake tuliache, alimshauri Damari akamue madumu yote sitini mapema, ili akishinda asichelewe. Akayakamua yote, akayapanga stoo.

Wiki ile ile alikuja kijana mmoja anaitwa Sostenes, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mafuta kidogo, mazuri kabisa. Napeleka ukweni."

Sasa huku kwetu ukitaja ukwe umemaliza maneno. Mafuta ya abiria yanaingia kwenye chupa yoyote ya maji, lakini ya mkwe ukiyaweka humo umemvua nguo huyo kijana mbele ya watu. Damari alichota kwenye dumu lililotulia kuliko yote. Akatafuta chupa ya kioo iliyokuwa na asali ya Itigi, akaichemsha, akaifuta, akajaza, na mfuniko akaufunga kitambaa cha kitenge cha bluu. Akamtilia na kidogo cha nyongeza kwenye kichupa.

"Msalimie mkweo. Mwambie ndiyo ya kwetu haya."

"Atafurahi sana, mama."

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Damari aliangushwa kwenye makaratasi, sababu ni ile sifuri, hata kuombwa sampuli hakuombwa. Mshindi alikuwa Sostenes. Kampuni yake ilishauza serikalini chaki, magodoro, saruji na matanki ya maji, uzoefu unamtoka masikioni. Mashine hana. Alizeti anaijua ikiwa kwenye kalenda.

Damari alinuna siku mbili, siku ya tatu akawasha mashine. Angeishia hapo, isingekuwa siku ya wazazi mwezi wa saba, pale upepo wa Singida unapokwangua mtu masikio. Lea alimvuta mama yake pembeni.

"Mama, huku mafuta wanachota kwa kisu."

Damari akaenda moja kwa moja kwa mtunza stoo, baba mmoja mpole anaitwa Chediel.

"Naomba kuona mafuta wanayokula watoto."

"Mama Lea, stoo siyo sehemu ya wazazi."

"Basi litoe dumu hapa nje, nisiingie."

Chediel akatoa moja. Lilikuwa limeganda, jeupe kama mche wa sabuni, na harufu yake ni ya plastiki iliyokaa juani tangu mwaka juzi. Damari alichota kwa ukucha akaonja. Yakamgandia juu ya kinywa kama nta ya mshumaa. Akatema, akasukutua bombani, akatema tena, na bado ulimi ukawa kama umepakwa grisi ya baiskeli. Watoto mia nne walikuwa wanapikiwa maharage kwa uchafu ule, katika mkoa ambao alizeti inaota hadi kwenye makaburi.

"Hii ndiyo alizeti?"

"Karatasi inasema alizeti. Kamati ya mapokezi ilikagua, ikasaini."

"Ilikagua nini?"

"Sampuli."

Akamruhusu aingie, akafungua kabati amwonyeshe. Ilikuwa imesimama peke yake kwenye rafu: chupa ya asali ya Itigi, mfuniko umefungwa kitambaa cha bluu, na karatasi ya jina la kampuni ya Sostenes imebandikwa tumboni. Damari alikaa kwenye gunia la sukari.

"Hayo ni ya ukweni," akasema.

Mkuu wa shule, Mwalimu Rahel, aliitwa. Akaweka chupa na dumu mezani pamoja, akaita wanakamati. Mmoja wao akakohoa, akasema kwa baridi hii kila mafuta yanaganda. Wakati anasema hivyo chupa ya Damari ilikuwa mbele yake, imetulia kama chai ya rangi, unaona mpaka upande wa pili. Mwalimu Rahel aliamuru madumu yale yaondolewe, na ndani ya siku saba yaletwe yanayofanana na sampuli. Kwa nini walisaini, hakuna aliyeulizwa. Na mkataba ukabaki wa Sostenes.

Siku ya tatu lori lilisimama mbele ya mashine.

"Shikamoo mama."

Damari hakuitikia. "Mkweo hajambo?"

"Tuyaache hayo, mama." Dereva alicheka ndani ya lori, kumbe jamaa hata mke hana. "Nahitaji madumu sitini. Kama yale yale."

"Na shuleni itaandikwa nani kaleta?"

"Kampuni. Mkataba ni wa kampuni."

"Niandikie basi barua, kwamba mafuta ni yangu."

"Nikiandika, mama, si ndiyo najishtaki mwenyewe?"

Damari aliyaangalia madumu yake. Kila moja litakalopanda kwenye lori lile lingemwongezea Sostenes uzoefu, na mwaka kesho Yasinta angeandika tena sifuri. Lakini mafuta yalikaa stoo tangu mwezi wa nne, mengine yalikuwa karibu kuchacha, na mezani kwa Lea kulikuwa na sabuni.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoonyesha damu ya ukoo wetu. Alikunja kanga kiunoni, akamwambia Sostenes atoke uwanjani kwake na asirudi hata kwa mazishi. Akachukua koleo la mashudu. Sostenes akarukia lori, Damari nyuma yake, wakapita vibanda, wakapita mabasi, abiria wanapiga makofi madirishani, na pale njia ya Itigi inapochepuka Damari akalikamata lori kwa bampa, likasimama, matairi yanazunguka bure, dereva akaanza kum...

"Mjomba," akasema Damari, ambaye kumbe anasoma juu ya bega langu. "Nilimuuzia. Yote sitini, na kupakia nilisaidia. Andika hivyo."