Kamera ya Bukuru

Mwanangu, juzi uliponiuliza ununue kamera ipi nilinyamaza, ukadhani sijasikia. Nilisikia. Nilikuwa nimerudi kwenye siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiigusa inauma.

Wakati huo nilikuwa na studio ndogo ya picha pale Buzebazeba, na watu waliniamini. Bukuru, kijana seremala wa mtaani kwetu, alitaka kuanza kupiga picha za harusi. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa na kamera ya kidijitali iliyotumika, zile za kubadilisha lenzi. Si ya kuanzia, wala si ya mabingwa wa kazi; ya kati tu. Akakubali tuijaribu siku tatu.

"Dada, mimi sijui kitu," Bukuru aliniambia. "Ukisema nzuri, nanunua."

Siku mbili nilizunguka nayo ufukweni Katonga, jua likiwaka. Ilinipendeza kweli! Ilikaa vizuri mkononi, ilipiga upesi, na dagaa walioanikwa mchangani ungeweza kuwaona mmoja mmoja. Siku ya tatu nikampiga picha shangazi yangu ndani, mbali kidogo na dirisha. Uso wake ukatoka na ukungu. Ukuta wa nyuma ndio uliotoka safi, nyufa zote zikionekana. Nikarudia. Ikawa vilevile. Moyoni nikajua kamera hii inakosa shabaha mwanga ukipungua. Lakini nilikwisha kuisifu kwa kila mtu, nikaona aibu kugeuka. Nikajisemea, labda shangazi kajitikisa.

"Chukua," nikamwambia Bukuru. "Haina neno."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya Butoyi, pacha wake wa kike. Baba yao alikuwa mgonjwa, miguu imevimba. Wakamtoa chumbani wakamkalisha sebuleni kando ya binti yake, akiwa na kanzu mpya. Alicheka siku ile. Tangu augue hakuwa amecheka hivyo. Bukuru akampiga picha nyingi.

Kesho yake alikuja studio, tukazifungua kwenye kompyuta. Pazia la nyuma lilionekana mpaka maua yake. Uso wa mzee ulikuwa kama kitu kilichozama majini.

"Ni mikono yangu, dada," Bukuru alisema. "Inatetemeka. Hii kazi siiwezi."

Ilikuwa zamu yangu kusema, mwanangu. Nikamjibu, "Utazoea tu."

Mzee alifariki kabla mvua hazijaisha. Picha nyingine ya siku zake za mwisho hawakuwa nayo. Bukuru aliifungia ile kamera sandukuni, akarudi kwenye randa yake. Hata mtu akimpa simu ampigie picha, alikataa.

Nilikaa na siri hiyo miaka saba. Siku niliyomwendea kumweleza, nikamkuta analainisha mbao za kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Aliitazama mikono yake, pande zote mbili.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nilijua ni mimi niliyeupoteza uso wa baba."

Kisha akashika randa akaendelea na kazi. Tukikutana ananiamkia vizuri, "Shikamoo dada." Lakini ushauri hajaniomba tena, wa kitu chochote.

Basi, kamera ya kati itakutosha, usihangaike na kubwa. Ila usiijaribu juani tu. Iingize sebuleni, uwashe taa moja, umpige mtu picha ya uso, halafu uikuze picha uyatazame macho yake. Na mtu akikuamini akakuuliza, mweleze yote uliyoyaona, hata kama jana ulisema vingine. Aibu ya kugeuza maneno hupita. Ukikosea, usimwache mwenzako ajilaumu kwa kosa lako hata siku moja.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli mapema. Akuwekee wazee wako, uwatazame mpaka utosheke. Amina.